Kufungasha kwenda Kilimanjaro mkiwa watano: mwongozo kutoka kwa waliokosea

Saa kumi na moja alfajiri, stendi ya Magufuli pale Mbezi, tulifanya ukaguzi wetu wa kwanza wa mizigo. Ndiyo, stendini, injini ya basi ikiwa imeshawashwa na kondakta anagonga bodi. Tulikuwa watano. Kwenye mabegi zilipatikana pakiti tano za karata, maana kila mmoja aliamini ni yeye tu aliyewaza jinsi jioni za mlimani zinavyochosha. Zilipatikana chaja tisa, jojo za kufungulia kioski, na pasi moja ya umeme. Karatasi za chooni hazikuwepo hata roli moja. Dawa ya maumivu hakuna. Mafuta ya kujikinga na jua hakuna. Kila aliyeulizwa alimgeukia mwenzake na kusema maneno yale yale: "Mimi nilijua utakuja nayo wewe."

Ilikuwa Desemba, tunakwenda kupanda mlima kwa njia ya Marangu, msimu ambao Watanzania wengi hupanda kuadhimisha tarehe 9. Mwaka 1961 Luteni Alexander Nyirenda alipanda na bendera na mwenge, akavisimika kileleni nchi inapata uhuru. Sisi tulikuwa tunapanda na pasi. Habari yake inakuja.

Wahusika ni hawa: mhasibu, ambaye ndiye aliyeandika orodha, mwalimu, ambaye hakuisoma, fundi simu, shemeji, aliyemuoa dada yake mhasibu lakini sote tunamwita shemeji, na mimi. Mtu anayesafiri peke yake akisahau soksi anajilaumu na kununua nyingine. Wakisafiri watano, soksi zinasahaulika kwa sababu kila mmoja ana hakika kuna aliyezikumbuka. Karibu makosa yetu yote yalizaliwa hapo, na hatua zifuatazo zimepangwa kwa kufuata uchungu wake.

Hatua ya 1: Msikubali jibu la "sawa"

Mhasibu alituma orodha ya vitu 34 kwenye kundi letu la WhatsApp wiki tatu kabla ya safari. Orodha ilikuwa nzuri, sina la kuisema. Chini yake kulikuwa na majibu manne: "Sawa", "Sawa mkuu", kidole gumba, na shemeji aliyetuma picha ya mbuzi kwa sababu ambazo hadi leo hazijulikani. Mhasibu akahesabu hayo kuwa ni makubaliano.

Tatizo ni kwamba orodha yake ilichanganya vitu vya aina mbili. Kuna vitu vya mtu binafsi: viatu, chupi, mswaki, kitambulisho. Hivi huna haja sana ya kumkumbusha mtu mzima, na akisahau ni shauri yake. Halafu kuna vitu vya wote: dawa, karatasi za chooni, mafuta ya jua, betri za akiba za tochi, waya wa kugawia umeme, karata, kikata kucha, sindano na uzi. Hivi ndivyo vinavyopotea, kwa sababu havina mwenyewe.

Kwa hiyo fanyeni hivi. Toeni vitu vya wote kwenye orodha kuu, viandikeni peke yake, na mbele ya kila kimoja liwepo jina la mtu mmoja. Msiandike "mimi na fulani". Wawili wakishika kitu kimoja, mnarudi kule kule kwa nilijua utakuja nayo. Kisha mwenye jina atume picha ya kitu hicho kikiwa mkononi mwake. Picha ya mbuzi haihesabiki.

Na awepo mmoja wa kuuliza. Wahenga walisema manahodha wengi, chombo huenda mrama. Lakini nahodha huyo kazi yake iwe kuuliza tu, asije akaanza kuwafungashia wengine. Mwalimu alijaribu kumfungashia shemeji kwa huruma, na shemeji akafika kibanda cha Horombo, kule mlimani, hajui hata kama ana soksi za pili. Alikuwa nazo jozi nne, ndani ya sufuria dogo ambalo naye hakujua analo.

Jambo la dawa nalitaja harakaharaka kwa sababu halina utani. Mwenye sanduku la dawa aache kila dawa kwenye pakiti yake. Fundi simu alipoambiwa anunue dawa Moshi, alizimwaga zote kwenye kikopo kimoja ili kupunguza nafasi, tukabaki na vidonge vyeupe vya ukubwa mmoja ambavyo hakuna aliyethubutu kuvimeza. Kuhusu vidonge vya kuzuia ugonjwa wa mwinuko, zungumzeni na daktari kabla ya kuondoka, kila mtu kwa afya yake. Msigawane kama karanga.

Hatua ya 2: Nguo za baridi nunueni Dar, kwenye joto

Hii inachekesha ukiiona: watu watano soko la Karume, mchana wa jua kali, wanajaribisha majaketi ya theluji huku jasho linawatiririka hadi kwenye viatu. Lakini ndipo mahali pake. Mitumba ya baridi haina wateja wengi Dar es Salaam, na muuzaji anayekuona umeshika jaketi la kuvimba hujua ama unakwenda Ulaya ama unakwenda mlimani. Mwambie unakwenda Njombe, atakupunguzia. Mkikosa, Moshi kuna soko la Memorial kwa mitumba, na mjini kuna maduka yanayokodisha vifaa vya mlima, kuanzia mabegi ya kulalia hadi fimbo za kutembelea. Vitu vya gharama vinavyotumika mara moja, kodini.

Kanuni ya nguo ni tabaka tatu. Ya ndani ikae kwenye ngozi na itoe jasho nje. Isiwe pamba, maana pamba ikilowa haikauki na inakugandisha. Ya kati iwe ya flisi, kile kitambaa laini chenye manyoya, au sufu, kazi yake ni joto. Ya nje izuie upepo na mvua. Fundi simu alileta jinzi tatu. Jinzi ya kwanza ililowa siku ya kwanza msituni, na siku tunashuka ilikuwa bado mbichi, imesimama yenyewe ukutani kama mgeni anayesubiri kukaribishwa.

Viatu ndipo mahali pa kutumia pesa na muda. Buti mpya zivaeni angalau wiki mbili kabla, siyo sebuleni. Nendeni milima ya Pugu Jumamosi mbili, mpande na kushuka mkiwa na begi mgongoni. Mkinunua buti za mtumba, jihadharini na soli. Kiatu kilichokaa miaka mingi ghalani kinaweza kuonekana kipya kabisa, kumbe gundi na povu la soli vimeshaoza ndani. Shemeji alivuta za kwake kutoka kwenye lundo akishangilia chapa iliyoandikwa ubavuni. Kule Pugu soli ya kulia ikaachana na mwenzake, ikabaki nyuma kwenye tope imelala chali. Mpelekeeni fundi viatu ashone soli kuzunguka pande zote kwa uzi wa nailoni hata kama inaonekana nzima. Ni dakika ishirini za kazi. Za shemeji zilifika kilele cha Uhuru na kurudi, ingawa yeye mwenyewe alikuwa anaziangalia kila baada ya hatua kumi.

Hatua ya 3: Mkeka mmoja, mchana, begi moja moja

Kama una muda wa kusoma hatua moja tu, iwe hii.

Siku mbili kabla ya safari, kusanyikeni nyumbani kwa mmoja wenu. Tandikeni mkeka mkubwa sebuleni au uani. Kila mtu kwa zamu yake amwage kila kitu chake juu ya mkeka, wengine wakitazama, kisha akirudishe begini kimoja kimoja huku nahodha anasoma orodha. Akimaliza, afunge zipu, begi litoke kwenye mkeka kabisa, ndipo wa pili aje. Wakati wa kumwaga mtagundua mambo: kwamba kuna mtu ana taulo tatu na hana tochi, kwamba tochi ya mwingine haina betri, kwamba mwalimu amebeba daftari za kusahihisha.

Sisi tulifanya kinyume. Tulikusanyika kwa mhasibu usiku wa kuamkia safari, wote watano tukamwaga mkeka mmoja kwa pamoja, tukaanza kupakia tukipiga soga, na saa mbili usiku umeme ukakatika. Tukamalizia kwa tochi za simu. Ndiyo maana stendini tulikagua upya, na ndiyo maana ya kisa cha glavu.

Mimi na mhasibu tulinunua glavu zinazofanana, nyeusi, kutoka kwa muuzaji mmoja Karume. Mimi ndiye niliyepatana bei na nikajisifu njia nzima mpaka Ilala Boma. Hakuna aliyezijaribu, na ungezijaribu vipi kwenye joto lile. Zikakaa chini ya begi hadi Kibo, kituo cha mwisho, mita 4,720 juu ya usawa wa bahari. Pale mnaamshwa karibu saa tano usiku, mnapewa chai, na mnaanza kupanda kileleni kwenye giza na baridi iliyo chini ya sifuri.

Nikavaa glavu ya kwanza, ikaingia vizuri. Nikavaa ya pili, dole gumba likawa linaangalia upande ambao Mungu hakulipangia. Nikageuza, nikajaribu tena. Zote mbili zilikuwa za kushoto. Yule muuzaji amenipiga, nikasema moyoni, na kwa kuwa mimi ndiye niliyejisifu, nikanyamaza. Nilipanda na kiganja kimoja kimevaa kinyumenyume, dole gumba tupu likining'inia mgongoni mwa mkono kama mkia wa mjusi.

Mhasibu mbele yangu alikuwa kimya isivyo kawaida. Nilidhani ni mwinuko.

Tulitembea hivyo hadi Pango la Hans Meyer, mahali ambapo watu hupumzika kidogo kabla ya ule mpando mkali wa changarawe. Mwongoza njia wetu akapitisha tochi kukagua hali zetu mmoja mmoja: macho, pua, mikono. Taa ikasimama kwenye mikono yangu. Ikaenda kwenye mikono ya mhasibu. Ikarudi kwangu. "Jamani," akasema taratibu, "huyu ana kushoto mbili, na yule ana kulia mbili. Nyie mmetoka Dar hivi hivi?"

Mhasibu naye alikuwa amenyamaza tangu Kibo, kwa sababu ile ile. Kwa saa kadhaa kila mmoja wetu alikuwa anamlaani yule kijana wa Karume, na dawa ilikuwa hatua tatu kutoka alipo. Tulibadilishana pale pale, wapagazi waliotusindikiza wakacheka hadi wakakaa chini, na nataka kusema hadharani: kaka wa Karume, utusamehe.

Kwa hiyo vitu vya jozi vifungwe jozi. Glavu zibanwe pamoja kwa pini kubwa, soksi ziviringishwe, viatu vifungwe kamba kwa kamba. Na vitu vinavyofanana vya watu wawili vitiwe alama kabla havijakutana kwenye mkeka mmoja. Uzi mwekundu mshono mmoja unatosha.

Hatua ya 4: Mizani

Begi lako kubwa litabebwa na mpagazi. Kampuni nyingi zinaweka kikomo cha kilo 15 kwa begi la mteja, na mzigo wote wa mpagazi haupaswi kuzidi kilo 20. Getini Marangu kuna mizani, na mzigo unapimwa mbele ya watu. Huyo anayebeba ni binadamu anayepanda mlima ule ule unaokutoa machozi wewe, kwa hiyo kabla ya kuongeza kitu jiulize kama ungethubutu kumkabidhi mkononi ukimtazama usoni: "Kaka, naomba unibebee na hii pasi."

Kupima nyumbani ni rahisi. Panda kwenye mizani ya kawaida ukiwa na begi, kisha bila begi, utoe. Ugumu ni kwamba njia hii inatangaza uzito wa mtu mbele za watu. Mwalimu aligoma. Alisema hesabu hiyo amewafundisha watoto miaka kumi na mbili na hajawahi kuona sababu ya kuifanya kwa mwili wake. Ikabidi tubebe mabegi matano hadi bucha moja pale Moshi, jioni ya kabla ya kupanda, tumwombe mwenye bucha atupimie. Alitupimia bila malipo, ila kila begi lililopanda aliuliza, "Hili ni steki au mchanganyiko?"

Begi la shemeji lilisoma kilo 21. Tukalifungua kwenye benchi la bucha. Pasi. Jozi tatu za viatu, kimojawapo cha ngozi, cha ofisini. Maji lita tatu kutoka Dar es Salaam, kwenda kwenye mlima unaotiririsha mito.

"Shemeji, pasi ya nini?"

"Picha ya kileleni nitaining'iniza sebuleni," akasema. "Unataka wajukuu wanione nimekunjamana?"

Tulimweleza kwamba vibanda vina umeme wa jua wa taa tu, si wa pasi. Akasema angeuliza kwanza. Pasi ilibaki kwenye chumba cha stoo cha nyumba ya wageni tuliyofikia, imefungwa kwa taulo, na shemeji akatuaga kwa uso wa mtu aliyemwacha mtoto bweni.

Ili kupunguza kilo, anzeni na vitu vya "labda". Labda kutakuwa na joto, labda tutapata nafasi ya kucheza mpira. Vyote vitoke. Kisha angalieni vitu vya wote: dawa ya meno moja inatosha watu wawili, sabuni moja inatosha watano, na kwa ukweli wenyewe kule juu hamtaoga. Njia ya Marangu ina vibanda vyenye vitanda na magodoro huko Mandara, Horombo na Kibo, kwa hiyo mahema na mikeka ya kulalia havihitajiki; kinachohitajika ni begi zito la kulalia. Kanga mbili zichukueni hata kama nyote ni wanaume. Za mwalimu zilikuwa taulo, mto, kitambaa cha jua, na pazia la kubadilishia nguo kwenye bweni la Kibo lenye watu wa mataifa manne.

Hatua ya 5: Mpagazi hatakusubiri

Hiki ni kitu ambacho hakuna aliyetuambia, na ningependa kingeandikwa getini. Wapagazi wanatembea haraka kuliko wewe. Ukishawapa begi kubwa asubuhi, hutaliona tena hadi kibandani jioni. Kwa hiyo swali la begi dogo la mgongoni ni moja tu: nitahitaji nini kati ya sasa na jioni?

Koti la mvua, kwanza kabisa. Kutoka getini hadi Mandara mnapita msitu wa mvua, na hauitwi hivyo kwa heshima. Mwalimu aliweka koti lake kwenye begi kubwa, chini, limekunjwa vizuri. Mvua ilipoanza, koti lilikuwa nusu saa mbele yake, kavu kabisa, linapanda mlima kwenye kichwa cha mtu mwingine.

Karatasi za chooni nazo, kwa sababu zilezile, pamoja na kimfuko cha kurudishia zilizotumika. (Zetu tulizinunua Korogwe basi lilipopumzika, kwa bei ya abiria mwenye haraka.) Halafu maji, lita tatu hivi kwa siku, vitafunwa, mafuta ya jua, kofia, sweta moja, kitambulisho na fedha taslimu, zikiwemo bahashishi za wapagazi mtakazotoa mwishoni. Getini mnaandika majina yenu kitabuni na kuonyesha vitambulisho; mtu mmoja akiwa ameacha cha kwake kwenye begi kubwa lililokwisha kuondoka, kundi zima linakaa kwenye benchi.

Maji wekeni kwenye chupa ngumu za kujaza tena. Chupa za plastiki za kutupa haziruhusiwi mlimani, na mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku nchi nzima tangu 1 Juni 2019, kwa hiyo ule utaratibu wa mama wa kufunga kila kitu kwenye mfuko wa rambo usahauni. Usiku wa kileleni geuzeni chupa kichwa chini begini. Barafu huanzia juu, kwa hiyo itaganda upande wa kitako na mdomo utabaki wazi. Wenye mifuko ya maji yenye mirija ya kunyonyea wapulize maji yarudi ndani kila wakinywa, la sivyo watakuwa wamebeba lita mbili wasizoweza kuzinywa.

Mwinuko una vichekesho vyake ambavyo huwezi kuviwaza ukiwa Temeke. Pakiti za viazi vya kukaanga zilizofungwa pwani huvimba kadiri mnavyopanda, kwa kuwa kanieneo ya hewa inapungua. Kibo ni zaidi kidogo tu ya nusu ya ile ya baharini. Ya fundi simu ilipasuka usiku bwenini, mlio mkubwa, na Mjerumani mmoja akaruka kutoka kitanda cha juu. Chupa za losheni nazo hutema, kwa hiyo zikamueni hewa kabla ya kufunga. Mafuta ya nazi ndiyo yaliyotushinda. Mwalimu alisema hahitaji vitu vya dukani, ana mafuta ya nazi ya Mafia, ndiyo yaliyomlea. Dar yalikuwa maji. Lakini mafuta ya nazi huganda joto likishuka chini ya nyuzi 24 hivi, na Horombo yalikuwa jiwe ndani ya chupa yenye mdomo mwembamba. Tulilala nayo kwa zamu.

Simu na betri ya akiba pia laleni nazo ndani ya begi la kulalia. Baridi hudhoofisha betri. Fundi simu, mtaalamu wetu, ndiye aliyeacha ya kwake dirishani, na picha zake za kileleni zote tumempigia sisi.

Hatua ya 6: Kitambaa kwenye mpini

Begi jeusi la Kariakoo lina ndugu elfu moja. Basi letu lilikuwa linaendelea Arusha, tuliposhuka Moshi kondakta alitoa mabegi kwenye buti, akauliza "Lipi?", fundi simu akaonyesha kwa kidole, likaja.

Nyumba ya wageni akalifungua. Juu kabisa vitenge sita vya rangi moja, vimekunjwa kwa karatasi. Chini yake dagaa, kama kilo mbili. Na katikati daftari la michango ya harusi: majina, ahadi, waliolipa, waliopunguza, na mmoja aliyepigiwa mstari mwekundu mara tatu.

Nyuma ya daftari kulikuwa na namba ya katibu. Tukapiga. Mhasibu ndiye aliyezungumza, kwa sauti yake ya ofisini: "Habari za jioni, sisi hamtujui, lakini tuna daftari lenu la michango." Simu ikakatwa. Tukapiga tena, ikakatwa. Mara ya tatu katibu akasema, "Najua mnakokwenda, mtaniambia ile hela nitume kwenye namba hii. Sitoi!" Ilibidi tumsomee ukurasa wa kwanza, na tulipofika kwenye jina lenye mistari mitatu akapaza sauti, "Huyo! Ndiyo lenyewe!"

Upande wa pili, mama mwenye begi alikuwa ameshafika Arusha na kufungua la fundi simu. Aliona kofia ya kuziba uso yenye matundu ya macho, glavu nyeusi, tochi ya kufunga kichwani, kisu cha kukunja na kamba. Alipopigiwa na katibu alikuwa anavaa viatu aende polisi.

Begi lilirudi kwa Kosta ya kwanza asubuhi, limekalia kiti chake lenyewe, nauli imelipwa na kamati. Tuliingia getini tumechelewa saa mbili.

Kwa hiyo: kata kipande cha kitenge kimoja chenye rangi kali, mfunge wote watano vipande vyake kwenye mipini. Ndani ya begi, juu ya nguo, weka karatasi yenye jina na namba mbili za simu, ya kwako na ya mwenzako mmoja. Kwenye buti la basi shukeni wote kuhesabu mabegi, hata kama safari yenu inaishia Chalinze.

Hatua ya 7: Kufungasha kila asubuhi, na siku ya kurudi

Mlimani mnafungasha upya kila siku, na mkiwa mmechoka. Begi la kulalia liingie chini kwanza, nguo za usiku wa kileleni zikae kwenye mfuko wake usiofunguliwa hadi Kibo, na kilichotolewa jana kirudi palepale. Jioni ya Kibo kila mtu avae kabisa nguo za ndani na apange zilizobaki kitandani kwa mpangilio wa kuvaa. Saa tano usiku akili haifanyi kazi. Shemeji alivaa suruali mbili, akatafuta ya tatu kwa dakika kumi akiwa ameivaa.

Kurudi hakuhitaji utaalamu: kila kitu kimelowa, kinanuka, na kinaingia kwa kusukumwa kwa goti. Tulishuka Marangu kwenye mvua, tukafika Moshi usiku, basi la Dar ni alfajiri, na hakuna mtu aliyekuwa na soksi kavu wala suruali ya kuvaa safarini. Hakukuwa na jua la kuanikia. Tulikaa kimya ukumbini tukitazamana.

Shemeji akanyanyuka. Akaenda stoo, akarudi na taulo lililoviringishwa, akaifungua pasi taratibu mbele yetu, akachomeka. Tukapanga foleni, mwalimu mbele, fundi simu na jinzi yake mwisho. Soksi ilikuwa soda moja kwa jozi, suruali soda mbili. Jinzi alikataa kuipokea hadi apewe chakula.